Kutoka Songea kwenda kuona sufuria ya jua

Swali nililosafiri nalo halikuwa langu. Lilikuwa la fundi wa kuchomelea wa Mfaranyaki, mjini Songea, mzee anayetutengenezea madawati ya shule kila yanapovunjika miguu. Mwishoni mwa Mei 2025 nilipita karakanani kwake kumuaga. Nakwenda Ufaransa kumwona mpwa wangu, nikamwambia, na Mungu akipenda tutafika mahali ambapo nchi nyingi zimechangishana kujenga mtambo wa kuwasha moto kama ule unaowaka ndani ya jua, ili siku moja moto huo uchemshe maji, mvuke uzungushe mashine, watu wapate umeme. Nikamtajia na kiwango cha joto: nyuzi milioni 150.

Akaivua miwani yake myeusi, akanitazama.

"Mwalimu, chuma hiki hapa kikifika elfu moja na mia tano tu ni uji. Huo moto wao wanautia kwenye sufuria gani?"

Jibu la kitabuni nilikuwa nalo. Nafundisha fizikia, mwaka huu ni wa kumi na tisa. Nikaanza kumweleza habari za sumaku zinazoushika moto hewani usiguse ukuta. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akachukua nyundo yake akagonga gonga kutu kwenye mguu wa dawati.

"Sumaku nazo zinakaa kwenye chuma," alisema. "Nenda kaone. Ukirudi unisimulie ulichoona, usinisimulie ulichosoma."

Sikuwahi kutoka nje ya Tanzania. Ndege nilikuwa nikiziona zikipita juu au zikitua uwanja wa Ruhuwiko. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ni muuguzi mjini Marseille, tangu aanze kazi amekuwa akisema, "Mjomba, utakuja lini?" na mimi nikijibu, "Nikistaafu." Mwaka huo alichoka kusubiri, akakata tiketi mwenyewe. Habari za visa, picha ndogo zenye mandharinyuma nyeupe na barua ya mwajiri nitaziruka. Kila aliyewahi kuomba anazijua, na asiyewahi hataamini.

Juni Songea ni mwezi wa koti. Saa kumi na moja alfajiri stendi ya Shule ya Tanga ilikuwa na baridi ya kukata masikio, na akina mama wa chai ya tangawizi walikuwa wamejifunika khanga juu ya masweta. Basi liliondoka watu wakiwa bado wanatetemeka. Tulipokaribia Madaba kulikuwa kumepambazuka vizuri, na nguzo ndefu za chuma za njia kubwa ya umeme zikaanza kujitokeza juu ya miti, zikipotea kwenye bonde na kuibuka tena mlimani.

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuzipita nguzo zile asizione. Mtu wa Songea hawezi. Hadi mwaka 2018 mji wetu, makao makuu ya mkoa mzima, haukuwa kwenye Gridi ya Taifa. Tulikuwa tukiwashiwa umeme wa jenereta za dizeli, na dizeli yenyewe ilikuja kwa lori kwa barabara hii hii niliyokuwa napita. Umeme wa aina hiyo una sauti na una ratiba. Nimefundisha mada ya sumaku-umeme miaka mingi kwa kuchora ubaoni, kwa sababu saa ya kipindi changu haikupatana na saa ya umeme kuwepo. Kisha ikajengwa njia hii ya kilovolti 220 kutoka Makambako kupitia Madaba hadi Songea, urefu wa takribani kilomita 250, kwa fedha za serikali yetu na msaada wa Sweden. Zile jenereta ziliponyamaza, usiku wa kwanza watu wa mtaa wetu walisema hawapati usingizi kwa ukimya.

Nayasema haya kwa sababu msafiri huona kwa macho aliyotoka nayo nyumbani. Mimi ni mtu aliyeusubiri waya. Mtu akiniambia umeme fulani unakuja, swali langu la kwanza huwa ni lini, la pili ni nani anashika bisibisi.

Jirani yangu kwenye basi, mama mmoja aliyekuwa anakwenda Njombe kwa wakwe, aliniuliza ninakwenda kutazama nini huko Ulaya. Nilipotamka neno "atomu" akashtuka: "Kama ile urani ya Namtumbo?" Swali zuri, na watu wengi wa Ruvuma wangeuliza hivyo hivyo. Urani iko kwetu kweli, kwenye mto Mkuju, na Julai 30 mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Namtumbo kuzindua mtambo wa majaribio wa kuichakata. Lakini urani ni ya kupasua. Kiini kizito kinagawanyika na kutoa joto, na vinu vya nyuklia vyote vinavyouza umeme duniani leo vinafanya hivyo. Nilichokuwa naenda kuona mimi ni kinyume chake: viini vyepesi kabisa, vya ndugu wawili wa haidrojeni wanaoitwa deuteriamu na tritiamu, vinalazimishwa kuungana na kuwa heliamu. Viini hivyo vyote vina chaji chanya, vinachukiana kama mitara. Bila joto la kutisha havikaribiani. Mama alitikisa kichwa. "Mitara hawaunganishwi kwa joto," alisema, akarudi kwenye karanga zake.

Dar es Salaam nililala usiku mmoja. Istanbul nilibadili ndege, nikashangaa uwanja unaochosha miguu kuupita kuliko soko letu la Majengo siku ya gulio. Mchana nikatua Marseille na koti langu la Songea mkononi, jua linachoma kama la Tunduru mwezi wa Novemba.

Mpwa wangu alikuwa zamu, kwa hiyo alimtuma dereva wa teksi anayemfahamu. Hapo ndipo nilipopata raha ambayo sikuitarajia: dereva alikuwa Mngazija. Marseille ina Wakomoro kwa maelfu, kuna mitaa ambayo ukifumba macho unadhani uko Unguja na mtu anaongea Kiswahili kwa haraka mno. Yeye aliongea Kikomoro chake, mimi Kiswahili changu, na tulielewana kuliko nilivyoelewana na yeyote tangu nitoke Dar. Tulipofika nikampa nauli iliyobaki, maana sehemu yake alikuwa ameshalipwa na binti. Akainamisha kichwa akasema, "Marahaba." Nikasimama pale nimeduwaa, maana mwenye mvi alikuwa mimi, na wala shikamoo sikuwa nimempa. Baadaye mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini: kwa Wakomoro, marahaba ni asante.

Siku ya nne tulikwenda. Kutoka Marseille unapanda kaskazini kupitia Aix-en-Provence, kisha barabara inaufuata mto Durance. Nchi kavu, milima ya mawe meupe, mashamba ya mizabibu. Mahali penyewe ni Cadarache, katika kijiji cha Saint-Paul-lez-Durance, ambapo Wafaransa wana kituo cha utafiti wa nyuklia tangu zamani. Mtambo mpya unajengwa jirani yake. Unaitwa ITER. Wazo lake lilitoka kwenye mkutano wa Gorbachev na Reagan mjini Geneva mwaka 1985, mkataba ukatiwa saini Paris Novemba 2006, na wanachama ni saba: Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani. Utaona kwenye orodha hiyo watu ambao siku hizi hawasalimiani. Pale wanafanya kazi pamoja, na hilo peke yake lilinifanya nivue kofia kabla sijaona chuma chochote.

Mpwa wangu aliniambia nitazame mizunguko ya barabara. Kutoka pwani, karibu na bandari ya Fos, hadi Cadarache ni kilomita 104, karibu sawa na kutoka Songea hadi Mbinga. Njia hiyo yote ilibidi itengenezwe upya kwa ajili ya mizigo ya mtambo huu: madaraja yakaongezewa nguvu, mizunguko ikapasuliwa katikati ili gari lipite moja kwa moja, kwa sababu mzigo mmoja na gari lake huweza kufika uzito wa tani 800 na upana wa mita 9. Misafara hutembea usiku, polepole, magari mengine yote yamefungiwa njia, na safari moja huchukua siku kadhaa. Nikayakumbuka malori ya makaa ya mawe ya kwetu, yanayotoka Mbinga na kupita katikati ya mji kwenda bandari ya Mtwara mchana kweupe, nikanyamaza.

Getini nilikwama. Kosa langu. Wakati wa kujiandikisha kwa ajili ya ziara (ambayo ni bure, ila lazima ujiandikishe mapema na utaje pasipoti) nilijaza jina ninaloitwa shuleni, majina mawili. Pasipoti yangu ina matatu. Mlinzi alitazama karatasi, akatazama pasipoti, akanitazama mimi, na jina la babu yangu likawa hoja ya usalama. Dakika arobaini. Mpwa wangu alibembeleza kwa Kifaransa cha hospitali, kile cha kumtuliza mgonjwa asing'oe dripu, mpaka mtu wa ofisini akapiga simu na tukaruhusiwa.

Kwanza walituonyesha picha na takwimu. Ramani ya nani ameleta nini ilinichekesha kwa sababu ni mchango wa harusi kabisa. Wanachama hawakuchangia pesa nyingi mkononi. Wengi wao wanaleta vitu. India imeleta chombo kikubwa cha nje cha chuma cha pua, chenye kimo na upana wa karibu mita 30. Korea imetengeneza vipande vinne vya chombo cha ndani, Ulaya vitano. Sumaku kubwa 18 zenye umbo la herufi D, kila moja ikiwa na kimo cha mita 17, zimegawanywa kati ya Ulaya na Japani. Sumaku ya katikati imetoka California. Na kuna sumaku za duara zilizokuwa pana mno hata kwa barabara ile iliyopasuliwa, hadi mita 24, kwa hiyo ikabidi wajenge karakana hapo hapo na kuzisuka ndani yake. Ukichanga harusi kwa mtindo huo, mmoja alete mchele na mwingine sufuria, unaokoa ugomvi wa pesa na unafungua ugomvi wa kama mchele utaenea kwenye sufuria.

Kisha tukaingia kwenye jengo la kuunganishia. Kimo chake ni mita 60. Kanisa la Peramiho, ambalo utotoni nilidhani ndilo jengo kubwa kuliko yote duniani, lingeingia humo na mwangwi wake. Juu kuna winchi za kubeba tani 1,500 kwa pamoja. Sakafu ni safi kiasi kwamba niliona aibu kwa viatu vyangu. Na pale mbele, limening'inizwa kwenye kishikio cha chuma chenye kimo cha jengo la ghorofa saba, lilikuwepo pande moja la kile chombo cha ndani: chuma cha pua, kuta mbili, limepinda kama kipande cha chungwa lililomenywa, tani 440 kabla hata ya kuvalishwa sumaku zake. Vipande kama hivyo tisa vikishonwa pamoja ndipo unapata chombo chenye umbo la andazi la tundu katikati. Warusi, waliokiunda kwanza katika miaka ya 1950, wanakiita tokamaki.

Nikasema kimoyomoyo: haya fundi, sufuria hii hapa.

Kumbe siyo moja. Nilisimama pale muda mrefu kuliko wenzangu, na mwongozaji wetu, kijana Mhispania mwenye subira, akaniachia niulize kimoja baada ya kingine. Nitajaribu kuyapanga majibu yake kama nilivyokuja kuyaelewa.

Moto wenyewe ni mwembamba. Nafasi yake ndani ya chombo ni mita za ujazo zaidi ya 800, lakini kinachowaka ndani yake ni gramu chache tu za gesi, imepashwa hadi elektroni zimeachana na viini vyake. Hiyo ndiyo plazma. Kwa kuwa ina chaji, sumaku huweza kuishika na kuizungusha isiguse ukuta. Ikigusa, haiyeyushi nyumba nzima kama nilivyokuwa nikiwatisha wanafunzi. Yenyewe ndiyo inayopoa na kuzimika. Ila kuzimika ghafla nako kuna mkong'oto wake: ndani ya sehemu ndogo ya sekunde nguvu yote inaangukia ukutani, na ukuta lazima uvumilie.

Sumaku nazo zina masharti. Waya wake ni wa niobiamu na bati, zaidi ya kilomita 100,000 ukiunganisha nyuzi zote, na unapitisha mkondo wa ampea 68,000 bila ukinzani wowote mradi tu upozwe kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa hiyo kuna moto wa nyuzi milioni 150 na baridi inayokaribia ile ya anga za mbali, na kati yake ni mita chache. Ndiyo maana lile jungu la India linalofunika vyote ni chupa ya chai tu: limetolewa hewa ndani ili joto la nje lisipenye. Tena katikati kuna ngao nyembamba iliyopakwa fedha, yenye mabomba ya kupozea, inayozuia joto la mng'aro.

Halafu kuna mgeni asiyejua sumaku. Deuteriamu na tritiamu zikiungana, asilimia 80 ya nishati inaondoka na nyutroni, na nyutroni haina chaji. Inapita katikati ya sumaku kana kwamba hazipo, inaugonga ukuta. Hapo ndipo penye faida na hapo ndipo penye hasara: kugonga huko ndiko kunakoleta joto la kuchemshia maji siku za usoni, na kugonga huko huko kunachosha chuma na kukifanya kiwe na mionzi. Mbele ya ukuta kwa hiyo hufunikwa matofali 440 ya chuma na shaba, mazito hadi zaidi ya tani 4 kila moja. Jina la tabaka hilo kwa Kiingereza ni blanketi. Mpwa wangu, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza kama na humo ndani ni Juni ya Songea.

Uso wa blanketi hilo ulikuwa uwe wa beriliamu. Wamebadili mpango, sasa utakuwa wa tangsteni, ile ile ya nyuzi za balbu za zamani, kwa kuwa ndiyo metali inayokawia kuyeyuka kuliko zote. Chini kabisa kuna trei 54 za tangsteni za kutolea majivu, maana moto huu nao una majivu, nayo ni heliamu. Trei hizo zitapigwa na joto kali kuliko sehemu nyingine yoyote, na zimeundwa ziweze kutolewa na kubadilishwa na roboti, kwa sababu mtu hataweza kuingia.

Lakini kilichonikaa moyoni ni mabomba.

Mwongozaji hakuficha. Mwaka 2022 walikuwa wameshashusha kipande cha kwanza shimoni, wakapiga picha, dunia ikashangilia. Kisha yakagundulika mambo mawili. Kingo za vipande vya chombo, pale zinapopaswa kukutana ili zichomelewe, hazikuwa na vipimo vilivyotakiwa; zilipishana kwa milimita, na mashine za kuchomelea zisingeweza kuziba nafasi hizo. Na mabomba ya kupozea ya ile ngao ya fedha, zaidi ya kilomita 20 kwa jumla, yalikutwa na nyufa ndogo karibu na mishono. Sababu ni masalia ya klorini yaliyobaki kwenye vijipembe wakati wa kuipaka fedha, yakala chuma taratibu. Nyufa ambazo kwa macho ya kawaida ungepita. Ila ndani ya ombwe, heliamu inapenya popote, na bomba likivuja baada ya mtambo kufungwa hakuna wa kulifikia. Kipande kilichoshushwa kikatolewa tena mwaka 2023. Kingo zikajazwa chuma na kusagwa upya. Mabomba yakang'olewa. Ilipofika Aprili 2025, miezi miwili kabla ya mimi kufika, ndipo kazi ya kushusha vipande ilipoanza tena.

Hapo nilimwona fundi wangu wa Mfaranyaki kama vile amesimama pembeni yangu. Ninamfahamu mtu ambaye hawezi kupaka rangi kwenye mshono kabla hajaupiga msasa na kuupangusa, na anayewafukuza vijana wake kazi kwa kuacha taka kwenye kona. Viini vya atomu vimeeleweka tangu miaka ya 1930. Kinachowachelewesha ni kona isiyopanguswa.

Nilimwuliza yule kijana mwongozaji mtambo utawaka lini. Alijibu bila kumung'unya. Mwanzoni ilisemwa 2016. Baadaye ikasemwa Desemba 2025, yaani mwaka ule ule niliosimama pale. Ratiba mpya iliyotangazwa 2024 inasema utafiti utaanza 2034, na moto kamili wa deuteriamu na tritiamu 2039. Ukifanikiwa, mtambo utaingiza megawati 50 za joto kwenye plazma na kutoa megawati 500 kwa dakika kadhaa. Mara kumi! Magazeti yanaipenda hesabu hiyo. Mimi, mtu wa LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, niliuliza mita kuu inasomaje. Akatabasamu: sumaku, mitambo ya kupozea na pampu zitakula zaidi ya megawati 100 kila mtambo ukiwa kazini, na kwa sekunde chache za kilele hata 600. Na ITER haina jenereta hata moja. Joto lote litatupwa hewani kupitia minara ya kupozea. Kwa kulinganisha, Bwawa la Nyerere pale Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, na zinawasha taa.

Sisemi haya kuwakejeli. Jirani kabisa na hapo, ndani ya kituo cha Wafaransa, mtambo mdogo uitwao WEST uliishika plazma kwa sekunde 1,337 Februari 2025, dakika 22. Na huko Uingereza mtambo wa zamani wa JET, kabla haujafungwa mwishoni mwa 2023, ulitoa megajouli 69 kwa muda wa sekunde 5 kutoka kwenye fueli ya moja ya tano ya miligramu hivi. Nilizipiga hesabu usiku ule mezani kwa mpwa wangu: ni yuniti 19. Mzee mwenye friji moja na taa tatu angezitumia wiki mbili. Kwa fueli usiyoweza kuiona kwenye kiganja, hizo ni yuniti nyingi mno. Kwa mashine ya ukubwa ule, ni chache za kusikitisha. Vyote viwili ni kweli, na mwalimu anayewaambia wanafunzi kimoja tu anawadanganya.

Fueli nayo ina kitendawili chake. Deuteriamu iko kwenye maji, kila mita ya ujazo ya maji ya bahari ina gramu 33 hivi. Tritiamu karibu haipo kabisa. Inaoza nusu yake kila miaka 12 na kidogo, na akiba ya dunia nzima ni kilo za kubebeka begani. Mitambo ya kuuza umeme itabidi ijitengenezee tritiamu yake kwa kuzipigisha nyutroni kwenye lithiamu iliyofichwa ndani ya blanketi. ITER itajaribu jambo hilo kwa vipande vichache tu. Kwa maneno mengine, sufuria italazimika kupika na wakati huo huo kuzaa kuni.

Nilirudi Songea Juni ikikaribia kuisha, mahindi yakiwa yanapukuchuliwa kila ua, maturubai barabarani. Kesho yake nikapita Mfaranyaki. Fundi hakuniuliza habari za ndege wala za Ulaya.

"Sufuria umeiona?"

"Nimeiona. Bado haijashonwa."

Nikamsimulia: vipande tisa, kingo zilizopishana, mabomba yaliyoliwa na klorini, kipande kilichopandishwa kutoka shimoni. Alinikatisha mara moja tu, kuuliza kama waliyatoa mabomba yote au yale yaliyopasuka peke yake. Nilipomwambia yametolewa yote, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia jina la fundi anayemfahamu.

"Na ikikamilika itatoa umeme kiasi gani?"

"Haitatoa. Haikujengwa kwa ajili hiyo."

Akafikiri, akiwa ameshika fimbo ya kuchomelea mkononi.

"Basi hilo ni jiko la kujaribia sufuria," alisema.

Shule zilifunguliwa Julai, na hiyo ndiyo maana ya ITER niliyowaandikisha kidato cha nne.